Jamaa anadai anageuza zebaki kuwa dhahabu: wakuu tuongee kemia kidogo kabla hamjatuma hela

Fundi Atomu (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu. Kule jukwaa la biashara kuna mtu anatafuta wawekezaji, ana unga wake mwekundu, anasema ukiuchanganya na zebaki ukachemsha usiku kucha asubuhi unakuta dhahabu chini ya sufuria. Nikajua watu watamcheka, kumbe wapi, ukurasa wa pili tayari wanaomba namba ya simu. Ndio nikaona nilete mada huku kwa watu wa shule, tuiangalie hii kitu kwa atomu zake.

Twende taratibu. Dhahabu na zebaki ni majirani kabisa kwenye jedwali la elementi, dhahabu ni namba 79, zebaki namba 80. Hiyo namba ndio idadi ya protoni zilizoko kwenye kiini cha atomu, na ndio kitambulisho chenyewe, hakuna kingine. Atomu ya dhahabu iwe imetoka Geita, Chunya au kwenye jino la bandia la babu yako, ina protoni 79. Ukikuta 78 hiyo ni platinamu, 80 zebaki, 82 risasi. Nyutroni (chembe zisizo na chaji, zinakaa humo humo kwenye kiini) zinaweza kupishana kidogo (za dhahabu ya asili ni 118 tu, haina aina nyingine inayodumu, wakati zebaki ina aina saba) lakini protoni ikipishana hata moja umeshabadilisha elementi.

Sasa nje ya kiini ndio kuna elektroni, na hapa ndio pointi yangu yote ilipo. Kuunguza, kuchemsha, kuyeyusha kwa asidi, kutu, zebaki kushika dhahabu, sayanaidi kula dhahabu, YOTE hayo ni mambo ya elektroni. Atomu zinapeana, zinanyang'anyana au zinachangia elektroni, basi. Kiini kimekaa ndani kabisa hakijui hata kama kuna moto nje. Atomu ya dhahabu ni pana kuliko kiini chake mara kama elfu ishirini, na nguvu inayoshikilia hizo protoni mle ndani ni mara mamilioni ya ile unayoipata kwenye moto wa mkaa au kwenye chupa ya asidi. Kwahiyo mtu akikwambia ana unga, dawa, mafuta au moto wa kugeuza 80 iwe 79, anakwambia jiko lake limefika kwenye kiini. Halijafika.

Na cha kufurahisha, hata hicho kiini kilijulikana kwa kutumia dhahabu hiyohiyo. Geiger na Marsden pale Manchester mwaka 1909 walikuwa wanarusha chembe za alfa (vipande vidogo vinavyotoka kwenye vitu vyenye mionzi) kwenye karatasi nyembamba sana za metali, dhahabu ikiwemo, kwa sababu dhahabu inakubali kufuliwa hadi gramu moja inafunika karibu mita moja ya mraba. Chembe nyingi zikapita kama hakuna kitu, chache mno zikarudi nyuma. Rutherford, mkuu wao wa maabara, akakaa na hayo majibu, mwaka 1911 akatoka na hoja kwamba uzito wa atomu karibu wote umejikusanya katikati kwenye kitu kidogo sana, na kilichobaki ni uwazi.

Maswali yaje.

mwana_karasha

Mkuu umeongea vizuri ila mimi niko machimboni miaka na haya mambo nimeyaona kwa macho. Unaweka mchanga kwenye karai, unaweka mekyuri (ndio hiyo zebaki), unasugua weee, dhahabu huioni kabisa. Unakamua kwenye kitambaa unabaki na kidonge cheupe. Unachoma, inatoka njano. Sasa kama sio kugeuka ni nini hicho? Kilikuwa cheupe kimekuwa cha njano.

Fundi Atomu

@mwana_karasha swali zuri sana na nadhani ndipo wengi wanapopigiwa. Hapo hakuna kilichogeuka. Dhahabu ilikuwepo kwenye mchanga, vumbi dogo ambalo jicho halioni. Zebaki ni metali ya maji na dhahabu inaingia ndani yake, zinachanganyika atomu kwa atomu, ndio kile kidonge cheupe, zebaki nyingi imeficha rangi. Ukipasha moto, zebaki inachemka nyuzi 357 wakati dhahabu haiyeyuki hata mpaka 1064. Kwahiyo zebaki inaondoka kama mvuke, dhahabu inabaki pale pale, ndio maana inabaki na vitundu vitundu kama sponji. Pima mchanga usio na dhahabu kabisa, sugua mpaka kesho, choma, utabaki na karai tupu.

Na ile zebaki "iliyopotea" haijafa. Atomu haifi kwa moto. Imepanda hewani, haina rangi wala harufu, nyingine umeivuta wewe na mama anayekupikia pale jirani, nyingine inashuka na mvua inaingia mtoni, vijidudu vya kwenye tope vinaigeuza kampaundi (elementi zilizoungana) inayoingia kwenye samaki, na samaki mkubwa anayekula wadogo anakuwa nayo nyingi zaidi. Inashambulia ubongo na figo, na mtoto tumboni ndio anaumia zaidi. Uchimbaji mdogo wa dhahabu duniani ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha zebaki ambayo binadamu tunaimwaga hewani, kushinda hata mitambo ya makaa ya mawe. Kama lazima uchome, tumia ritoti, kile chombo kilichofungwa chenye bomba, mvuke unapoa unarudi kuwa zebaki kwenye maji na unaitumia tena. Hela yako hiyo unairusha hewani.

mwana_karasha

Ritoti tunazo ila watu wanasema zinachelewesha. Lakini nimekuelewa. Ila yule jamaa alifanya mbele ya watu! Mekyuri peke yake bila mchanga na unga wake, wakachoma, ikabaki dhahabu. Sio stori ya kuambiwa.

Ngosha wa Katoro

😂😂😂 mekyuri ya nani? aliileta nani?

mwana_karasha

Yake.

Ngosha wa Katoro

Basi tumemaliza uzi 😂😂

Fundi Atomu

Ngosha ameua. Wakuu huu mchezo ni mkongwe kuliko nchi zote za Afrika Mashariki. Mwaka 1722 mkemia Mfaransa anaitwa Geoffroy alisimama mbele ya chuo chao cha sayansi kule Paris akaorodhesha mbinu za matapeli wa kutengeneza dhahabu. Mojawapo ni kijiti cha kukorogea kilichotobolewa ndani, kimejazwa vumbi la dhahabu, mdomo umezibwa na nta. Unakoroga kwenye moto, nta inayeyuka, dhahabu inashuka, watu wanapiga makofi. Nyingine ni chungu chenye sakafu mbili. Na nyingine ndio hii ya mshkaji wetu: zebaki ambayo tayari ina dhahabu ndani. Kwa macho huwezi kuijua, inaonekana zebaki tu. Hata zebaki uliyoikamua kwenye kitambaa ukadhani imebaki safi huwa imebeba dhahabu kidogo.

Na wala sio matapeli tu walioingia kingi. Mwaka 1924 kule Berlin profesa anaitwa Miethe alitangaza amepata dhahabu kwenye taa ya zebaki baada ya kupitisha umeme muda mrefu. Profesa kabisa. Wengine wakarudia kwa zebaki iliyosafishwa vizuri, dhahabu ikawa haionekani. Ilikuwemo tangu mwanzo, kidogo kidogo.

Dawa yake ni rahisi, mwambie atumie zebaki uliyonunua wewe, sufuria yako, kijiti chako, na asiguse.

Binti Tanga

Samahani kaka, mimi nipo kidato cha pili. Mwalimu alisema wale watu wa zamani waliamini metali zinageuka. Walikuwa wajinga au kulikuwa na sababu?

Fundi Atomu

Mdogo wangu hawakuwa wajinga hata kidogo. Wao hawakujua kuna elementi kwa maana yetu ya leo. Kwenye maandishi ya Kiarabu yanayohusishwa na Jabir ibn Hayyan kulikuwa na hoja kwamba metali zote zimetokana na salfa na zebaki kwa vipimo tofauti. Sasa kama risasi na dhahabu ni mchanganyiko wa vitu vilevile wenye vipimo tofauti, si unarekebisha vipimo tu? Hoja imenyooka kabisa, tatizo ni pale ilipoanzia. Na katika kutafuta huko ndio watu wakapata asidi kali, kunereka, chumvi za kila aina. Newton mwenyewe alijaza makaratasi mengi sana kwa mambo hayo. Namba ya atomu kuwa ndio kitambulisho imekuja kuthibitishwa mwaka 1913 na kijana anaitwa Moseley, alipima miale ya eksirei inayotoka kwenye elementi mbalimbali akaona inapanda kwa hatua, hatua moja kwa kila namba. Miaka miwili baadaye akauawa vitani Gallipoli akiwa na miaka 27. Huwa inaniuma sana hii.

Sonara wa Mwembeni

Assalaam aleikum. Mimi ni sonara, nachangia upande wangu. Watu wananiletea "dhahabu" nyingi sana ambayo sio. Nyingi ni brasi, nyingine pairaiti kutoka kwenye mawe. Sisi tuna jiwe la kusugulia na asidi. Ukisugua ukaweka tone la asidi ya nitriki, brasi inachemka na kugeuka kijani, dhahabu nzuri inakaa kimya. Swali langu kwa mwalimu, kwanini inakaa kimya? Nimeifanya kazi hii maisha yangu yote na sijawahi kupata mtu wa kunielezea.

Fundi Atomu

Waaleikum salaam mzee wangu, shikamoo. Asidi ya nitriki kazi yake ni kunyang'anya elektroni. Shaba na zinki zilizomo kwenye brasi zinatoa elektroni zao kirahisi, zinabaki na chaji, zinaingia kwenye maji na kuondoka, ule ukijani ni shaba ikiwa imeshaingia kwenye maji. Dhahabu inazishika zake kwa nguvu sana. Na sababu ya kuzishika inashangaza kidogo: kiini chenye protoni 79 kinavuta mno, elektroni za karibu kabisa zinakimbia kwa zaidi ya nusu ya kasi ya mwanga. Kwa kasi hiyo kanuni za Einstein zinaanza kufanya kazi, elektroni zinakuwa kama zimeongezeka uzito, na zile za nje zinazopita karibu na kiini nazo zinavutwa ndani zaidi. Hilohilo ndilo linalofanya dhahabu inyonye mwanga wa bluu, ukirudi machoni umebaki wa njano. Fedha iko juu yake kwenye safu hiyohiyo lakini ni namba 47, kwake jambo hili ni dogo, ndio maana fedha nyeupe. Na jirani yetu zebaki kuwa majimaji kwenye joto la kawaida, sehemu kubwa ni sababu hiyohiyo.

Ukitaka kuiyeyusha dhahabu unachanganya nitriki na haidrokloriki, moja kwa tatu. Nitriki inang'oa elektroni chache, halafu klorini za ile nyingine zinaidaka atomu ya dhahabu kabla haijarudi nyumbani. Peke yake kila asidi inashindwa.

Kuna tukio moja la kweli nalipenda. Copenhagen mwaka 1940, Wajerumani wanaingia mjini, kwenye taasisi ya Niels Bohr kuna medali mbili za Nobel za dhahabu, za von Laue na Franck, wamezileta hapo kuzificha, na kutoa dhahabu Ujerumani ilikuwa kosa kubwa sana na majina yameandikwa juu. Mkemia de Hevesy akaziyeyusha kwenye huo mchanganyiko wa asidi. Zikawa maji ya rangi ya chungwa ndani ya chupa juu ya rafu, askari wakapekua wakaiacha. Vita vikaisha, chupa ipo, wakaitoa dhahabu kwenye maji, ikatumwa Sweden wakatengeneza medali upya. Dhahabu ile ile, atomu zile zile. Asidi kali kuliko zote walizokuwa nazo na protoni hata moja haikupungua.

Sonara wa Mwembeni

Marahaba kijana. Allah akuzidishie. Mchanganyiko huo tunautumia kusafishia ila la medali sijawahi kulisikia.

Msomi wa Kona

Sasa sayanaidi kwenye vati za marudio (matangi ya kurudia mchanga uliokwisha kuoshwa) ni hivyo hivyo? Maana hapo hakuna asidi.

Fundi Atomu

Hivyo hivyo, ng'oa na daka. Anayeng'oa elektroni hapo ni oksijeni ya hewa, na sayanaidi ndio inayodaka. Ndio maana dimbwi lisipopata hewa kazi inalala. Njia hii walipata Waskoti kule Glasgow mwaka 1887, na ndio maana mchanga ambao mekyuri imeushindwa unarudiwa na bado unatoa kitu. Halafu dhahabu inashikwa na kaboni. Ila hizo vati zisiachwe zikageuka tindikali, ukiweka asidi kwenye maji ya sayanaidi inatoka gesi inayoua mtu dakika chache. Sitoi vipimo hapa, ni kazi ya wenye leseni na mtaalamu wao.

Ngosha wa Katoro

Mkuu hebu tupe kipimo cha mtu wa kawaida asiye na asidi wala jiwe la sonara. Juzi hapa mtu kauziwa kipande kizito kabisa kumbe brasi.

Fundi Atomu

Tumia uzito kwa ujazo, hauhitaji chochote zaidi ya mzani mdogo wa dijitali, kikombe na uzi. Dhahabu safi sentimita moja ya ujazo ina gramu 19.3. Brasi ni kama 8.5, risasi 11.3, pairaiti kama 5. Pima kipande chako, tuseme gramu 20. Weka kikombe cha maji juu ya mzani, bonyeza isome sifuri. Funga kipande kwa uzi, kizamishe chote majini ukiwa umekishikilia, KISIGUSE CHINI wala pembeni. Mzani utasoma namba ndogo, hiyo ndio ujazo wake. Kama ni dhahabu safi itasoma 1.04 hivi. Ikisoma 2.3 ni brasi, rudisha mzigo. Karati 18 ni dhahabu robo tatu, iliyobaki shaba na fedha, hiyo itasoma katikati, kama 1.3. Angalia kusiwe na mapovu yamegandia.

Kwa mawe ni rahisi zaidi, gonga na nyundo. Pairaiti ni kampaundi ya chuma na salfa, inasambaratika kuwa unga mweusi, ukiuchoma unanuka kama kichwa cha kiberiti. Dhahabu inabonyea tu.

Msomi wa Kona

Tangsteni je? Nasikia inapita kipimo hicho.

Fundi Atomu

Umenibana 😅 Kweli, tangsteni ni 19.25, na wajanja wanaiweka ndani ya vipande vikubwa halafu wanapaka dhahabu nje. Lakini ni namba 74, tabia zake nyingine ziko mbali kabisa: ngumu, na haiyeyuki mpaka nyuzi 3422. Kata kipande katikati au kiyeyushe mbele yako, dhahabu itatiririka, tangsteni itakuangalia tu. Ndio maana mnunuzi makini hanunui bila kuyeyusha.

Binti Tanga

Kwahiyo haiwezekani KABISA kugeuza?

Fundi Atomu

Inawezekana, ila sio kwa kemia, na hapa sitaki mtu akate kipande cha maneno yangu akaende kutapeli nacho. Lazima uguse kiini. Kwenye zebaki ya asili kuna aina moja adimu, zebaki-196, kama asilimia 0.15 tu. Ukiiweka kwenye tanuri la nyuklia ikameza nyutroni inakuwa zebaki-197, nayo kwa siku chache inajigeuza dhahabu-197, dhahabu halali kabisa. Mwaka 1980 kule Berkeley timu ya mkemia Seaborg iligonga bismathi (metali namba 83) ikapata atomu za dhahabu chache mno, gharama yake usiulize. Na mwaka 2025 wale wa CERN, maabara kubwa ya fizikia kule Uswisi, jaribio la ALICE, walitangaza kwamba viini vya risasi vikipishana kwa karibu kwenye mtambo wao vinapoteza protoni tatu, 82 inakuwa 79. Jumla waliyotengeneza kati ya 2015 na 2018 ni pikogramu 29. Pikogramu ni gramu moja ukaigawa kwa trilioni. Na haikukaa hata sekunde.

Hii tunayoivaa sisi ilipikwa huko angani kabla dunia haijakuwepo, nyota za nyutroni zinapogongana ni sehemu mojawapo, Agosti 2017 wanaastronomia waliona mgongano mmoja na dalili za elementi nzito zikitengenezwa.

Mpita Njia

Vipi kuhusu zebaki nyekundu ya kwenye redio za zamani na cherehani? Hiyo ndio nasikia ina nguvu. Kuna mjomba alinunua cherehani bovu kwa milioni.

Fundi Atomu

Pole kwa mjomba. Zebaki ni elementi moja tu, namba 80, na yenyewe ina rangi ya fedha. Kuna KAMPAUNDI nyekundu za zebaki, kama ile ya zebaki na salfa ambayo ni jiwe la kawaida tu ambalo zebaki yenyewe inatolewa humo, lakini hazina muujiza wowote na haziko kwenye cherehani. Uvumi huu ulilipuka Saudia mwaka 2009, cherehani za Singer zilizochakaa zikapanda bei ya ajabu, watu wanazigusisha simu eti mtandao ukikata ndio ipo. Serikali yao ikabidi iingilie. Huku kwetu ukaja na mabadiliko kidogo tu.

Ngosha wa Katoro

Milioni kwa cherehani bovu jamani 😭 angenunua zima akashona

mwana_karasha

Wakuu narudi na mrejesho. Nimempigia yule jamaa, nikamwambia nina mekyuri yangu nimenunua dukani, nina karai langu, nakuja nayo kesho na wewe uje na unga wako tu.

Ngosha wa Katoro

Eeeh akasemaje??

mwana_karasha

Kasema mekyuri ya dukani imeshikwa na watu wengi, unga unakataa. Niweke kwanza hela ya ile ya kwake.